Jenerali Aliyezikwa Nyeri: Mtawala Mpole na Mfumo Katili

Utangulizi

Katika mji wa Nyeri, nchini Kenya, kuna kanisa la kumbukumbu lililojengwa na Italia na kufunguliwa mwaka 1952. Ndani yake yamehifadhiwa mabaki ya askari zaidi ya 600 wa jeshi la Italia waliokufa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Miongoni mwao amelala jenerali mmoja wa jeshi la anga, mtu wa ukoo wa kifalme, aitwaye Amedeo wa Savoia, Duke wa Aosta. Mtu huyo aliwahi kutawala Uhabeshi, Eritrea na Somalia kwa jina la mfalme wa Italia.

Ndugu msomaji anaweza kutuuliza: sisi wakufunzi wa siasa wa huku Tunduma na Mbozi, mpakani mwa Zambia, tuna habari gani na jenerali wa Kitaliano aliyezikwa Nyeri? Swali hilo ni la haki, na makala haya yanakusudia kulijibu. Habari tuliyo nayo inatokana na mambo mawili. La kwanza ni kwamba vita vilivyomwangusha vilipita mlangoni mwetu, na vijana wa Tanganyika walikuwa katika jeshi lililompiga. La pili, ambalo ndilo kubwa zaidi, ni swali ambalo kila kada lazima awe na jibu lake: je, mtawala hupimwa kwa tabia yake, au hupimwa kwa mfumo anaoutumikia?

Swali hili hatukulibuni. Katika darasa moja mjini Tunduma, tulipokuwa tukifundisha habari za ukoloni, mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwamba wakoloni hawakuwa sawa, kwamba wengine walikuwa wapole, na kwamba huyo mpole angebaki pengine watu wasingeumia. Wenzake wengi walitikisa vichwa kukubali. Siku hiyo tulijibu kwa haraka na kwa ukali, na jibu letu halikumshawishi mtu. Kosa lilikuwa letu. Hoja ya kijana haivunjwi kwa sauti kubwa, huvunjwa kwa ushahidi. Tumemchagua jenerali huyu kwa sababu katika historia ya ukoloni wa Afrika ya Mashariki ni vigumu kupata mfano wa "mkoloni mpole" unaosifiwa kuliko yeye. Ikiwa hoja ya upole inashindwa kwake, itashindwa kwa wote.

Jenerali huyu alikuwa nani?

Amedeo alizaliwa Turin tarehe 21 Oktoba 1898. Baba yake alikuwa binamu wa mfalme wa Italia, na mama yake alitoka katika ukoo wa wafalme wa Ufaransa. Babu yake aliwahi kuwekwa kuwa mfalme wa Hispania mwaka 1870, akaukimbia ufalme huo mwaka 1873. Tabaka la namna hiyo lilizoea kugawiana mataifa kama watu wanavyogawana mashamba ya urithi.

Hata hivyo hatutaki kumchora kama mvivu wa ikulu. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Italia mwaka 1915 alijitolea kuwa askari wa mizinga, hali hajatimiza miaka 17. Baada ya vita alimfuata baba yake mdogo, Duke wa Abruzzi, huko Somalia. Duke huyo alianzisha mashamba makubwa ya miwa na pamba kando ya mto Shebelle, yaliyotegemea kazi ya Wasomali. Kisha alikwenda Kongo ya Wabelgiji, akafanya kazi katika kiwanda cha sabuni huko Stanleyville, ambako leo ni Kisangani. Mwaka 1924 alipata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Palermo. Somo aliloliandikia lilikuwa uhusiano wa kisheria baina ya dola za kisasa na wenyeji wa makoloni. Msomaji aliangalie jambo hili vizuri: mtu huyu alilisoma koloni kama mwanafunzi, akaliishi kama msimamizi, kabla ya kulitawala.

Mwaka 1926 alipata leseni ya urubani. Aliitumikia Italia huko Libya, akiongoza askari wapanda ngamia jangwani, na alikuwamo katika msafara ulioiteka Kufra mwezi Januari 1931. Miaka hiyo hiyo jeshi la Italia liliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 100,000 wa Cyrenaica na kuwafungia katika makambi, na makumi ya maelfu walikufa. Kiongozi wao mzee, Omar Mukhtar, alinyongwa mbele ya watu wake tarehe 16 Septemba 1931. Mwaka 1932 Amedeo alihamia rasmi jeshi la anga, akaongoza vikosi vya ndege huko Gorizia na kupanda hadi cheo cha jenerali. Mwishoni mwa mwaka 1937 Mussolini alimteua kuwa makamu wa mfalme na gavana mkuu wa Afrika ya Mashariki ya Kitaliano.

Nchi aliyoikuta

Italia ilikwisha kushindwa na Waafrika mara moja. Tarehe 7 Desemba 1895 askari wa Menelik waliliangamiza jeshi la Kitaliano katika mlima Amba Alagi, na tarehe 1 Machi 1896 wakalivunja kabisa jeshi kubwa zaidi huko Adwa. Ubeberu hausahau deni la namna hiyo. Mwezi Oktoba 1935 Mussolini aliishambulia tena Uhabeshi, safari hii kwa ndege na kwa gesi ya sumu. Kuanzia Desemba 1935 ndege za Italia zilimwaga gesi ya haradali juu ya askari, wakulima, mifugo na mito. Serikali ya Italia ilikiri jambo hilo rasmi mwaka 1996, miaka 60 baadaye. Amedeo hakuwa Uhabeshi katika vita hivyo. Lakini jeshi lililoifanya kazi hiyo ya angani lilikuwa jeshi lake, na cheo alichovaa kilikuwa cha jeshi hilo.

Umoja wa Mataifa wa wakati ule, uliokuwa na makao Geneva, uliweka vikwazo visivyogusa mafuta, na Mfereji wa Suez haukufungwa. Haile Selassie alisimama mbele yao tarehe 30 Juni 1936, akawaonya, nao hawakufanya kitu. Waafrika waliokuwa wakisoma na kufanya kazi ng'ambo walipata hapo somo ambalo hawakulisahau. Huko London, C. L. R. James na Jomo Kenyatta walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha marafiki wa Uhabeshi. Kutoka mikutano ya namna hiyo ndipo njia ya kuelekea Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya mwaka 1963 ilipoanza kuonekana.

Mtangulizi wa Amedeo alikuwa Graziani. Tarehe 19 Februari 1937 wazalendo wawili walimrushia Graziani mabomu mjini Addis Ababa, naye akajeruhiwa. Kwa siku tatu Wataliano, askari na raia, waliua watu mitaani na kuchoma nyumba na wenyewe ndani. Waliokufa walihesabiwa kwa maelfu. Mwezi Mei 1937 watawa wa Debre Libanos waliuawa kwa mamia. Wengine walipelekwa katika kambi ya Danane, Somalia, na wengi wao hawakurudi. Ukatili huo haukumaliza upinzani, bali uliuongeza. Mussolini alihitaji sura nyingine, na sura hiyo ilikuwa ya Amedeo.

Hoja ya upole

Wanaomsifu wanasema hivi: alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu, aliyesoma, aliyerusha ndege yake mwenyewe. Alipunguza mauaji ya papo kwa papo ya Graziani. Aliwafungua wafungwa wengi. Alijaribu kusema na wakuu wa Uhabeshi. Alijenga barabara. Mambo haya yana ukweli ndani yake, nasi hatuna haja ya kuyakana. Mchambuzi anayeogopa kutaja wema wa adui hana hakika na hoja yake. Lakini tuyaweke kwenye mizani mambo manne.

Jambo la kwanza ni sheria. Sheria ya mwezi Aprili 1937 iliweka kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano kwa Mtaliano aliyeishi na mwanamke Mwafrika kama mke. Aliyewatumia wanawake hao kwa siku moja na kuwaacha hakusumbuliwa. Kosa lilikuwa kumheshimu mwanamke huyo kama mwenzi. Mwaka 1939 sheria nyingine ilitungwa ya kulinda kile kilichoitwa heshima ya rangi. Amedeo alizikuta sheria za kwanza, akapokea za pili, na utawala wake ukazitekeleza. Upole wa bwana mkubwa haukumfikia mwanamke wa Addis Ababa.

Jambo la pili ni vita dhidi ya wazalendo, ambavyo havikukoma. Abebe Aregai aliendelea kupigana Shewa, na Belay Zeleke alipigana Gojjam. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 1938 na mwanzo wa 1939 operesheni za kijeshi ziliongozwa na Jenerali Cavallero, na inajulikana kwamba yeye na Amedeo hawakupatana. Wanaomtetea hukimbilia hapo. Lakini mwezi Aprili 1939, mahali paitwapo Zeret, kaskazini ya Shewa, watu waliojificha katika pango, wapiganaji pamoja na wake zao, watoto na wazee, walizingirwa na kushambuliwa kwa gesi ya haradali, na wanaume waliojisalimisha wakapigwa risasi. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Habari hizo zilifichwa kwa miaka mingi, hata mwaka 2006 mtafiti wa Kitaliano, Matteo Dominioni, alipoliingia pango hilo na kuikuta mifupa. Gavana mkuu wakati wa Zeret alikuwa Amedeo. Ikiwa aliamuru, ana hatia ya kuamuru. Ikiwa hakuamuru, basi tumepata ushahidi wa lile tunalolisema: mfumo ule haukuhitaji ukatili wake binafsi ili ufanye kazi, ulihitaji tu akae katika kiti chake.

Jambo la tatu ni kusudi la upole wenyewe. Graziani aliua akashindwa kutawala. Nchi isiyotawalika haitoi kahawa wala ngano, wala haiwapi walowezi mashamba. Amedeo aliletwa ili koloni litulie na lizalishe. Bwana anayewafungua wafungwa ili wakulima warudi kulima kwa faida yake hajaiacha njia ya unyonyaji, ameitafutia mbinu nafuu zaidi. Ndiyo maana tunawaambia wanafunzi wetu kwamba Graziani na Amedeo hawakuwa njia mbili. Walikuwa mikono miwili ya mwili mmoja, mmoja wenye kiboko na mwingine wenye peremende.

Jambo la nne ni hukumu ya watu wenyewe. Kama upole ungetosha, Waethiopia wangeweka silaha chini mwaka 1938, lakini hawakuziweka. Walijua kwamba asiye na uhuru hana pa kuusimamisha wema aliopewa: aliyeutoa leo anaweza kuuchukua kesho. Mkulima wa Gojjam, asiyejua kusoma, aliielewa hoja hii vizuri kuliko wanafunzi wetu wengi wa leo, na pengine kuliko sisi wakufunzi wao siku ile darasani.

Vita vilivyopita Tunduma

Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani. Amedeo, kama amiri jeshi mkuu, alikuwa na askari zaidi ya 250,000, na zaidi ya theluthi mbili yao walikuwa Waafrika: Waeritrea, Wasomali na Waethiopia. Alikuwa na ndege zipatazo 300. Mwezi huo huo ndege zake ziliipiga Wajir, kaskazini ya Kenya. Mwezi Julai aliteka Kassala na Moyale, na mwezi Agosti Somalia ya Waingereza.

Ukitazama ramani tu utasema alikuwa na nguvu kubwa. Lakini nguvu ya jeshi haiko katika idadi peke yake, iko katika uchumi unaoibeba. Waingereza walikuwa wameishika Suez na bahari. Koloni lake lilizingirwa pande zote, bila mafuta ya kutosha, bila matairi, bila vipuri vya ndege. Na nyuma yake walikuwapo wazalendo, ambao kila siku walikata simu na kuvamia misafara. Jenerali wa anga alianza kubaki bila anga.

Upande wa pili, Waingereza walikusanya jeshi lao Kenya. Sehemu ya jeshi na magari ya Afrika ya Kusini ilipakiwa katika treni hadi Broken Hill, ambako leo ni Kabwe, kisha ikafuata Barabara Kuu ya Kaskazini. Barabara hiyo iliingia Tanganyika hapa Tunduma, ikapita Mbozi na Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa na Arusha, hadi Nairobi. Wazee wa Mbozi wamekuwa wakitusimulia waliyoyasikia kwa wazazi wao: misururu ya malori, vumbi la siku nzima, watoto wakikimbilia mibunini. Walikiita kipindi kile vita vya Mtaliani. Mpaka waliovuka malori hayo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, ukawapasua Wanyamwanga pande mbili bila kuwauliza. Nusu karne baadaye barabara ya mpaka huo huo ilipitisha vita ambavyo pia hawakuulizwa.

Si magari tu yaliyokwenda. Katika vita vile zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshini, na vikosi vya sita vya KAR vilikuwa vya Tanganyika. Wengine walibaki nyumbani, lakini serikali ya kikoloni iliwaandikisha maelfu yao kwa nguvu kwenda mashamba ya mkonge. Mzee mmoja wa Mbozi alituambia kwamba baba yake mdogo aliondoka akiwa kijana na kwenda Uhabeshi. Barua moja ilifika, kisha kimya. Hadi leo ukoo haujui alikozikwa, na matanga yake yaliwekwa kwa kukisia. Mzee yule alituuliza neno ambalo hatukuwa na jibu lake: alipigania nini? Kenya na Tanganyika zilikuwa chini ya Mwingereza. Mwafrika wa KAR alitumwa kumpiga Mwafrika wa Eritrea, kila mmoja akiwa na bwana wake. Wapiganapo fahali wawili nyasi ndizo huumia, na safari hii nyasi zilipewa bunduki.

Amba Alagi na mto Billate

Mwezi Januari 1941 Waingereza walianza kusonga, Platt kutoka Sudan na Cunningham kutoka Kenya. Mogadishu ilianguka tarehe 25 Februari. Keren, Eritrea, iliyopiganiwa kwa wiki saba hivi, ilianguka tarehe 27 Machi. Addis Ababa ilitekwa tarehe 6 Aprili, na tarehe 5 Mei 1941 Haile Selassie aliingia mji wake, miaka mitano kamili tangu Wataliano walipouingia. Amedeo alijichimbia na askari wake katika mlima Amba Alagi, mlima ule ule wa mwaka 1895. Wahindi na Waafrika ya Kusini walimzingira pamoja na wazalendo wa Ras Seyoum. Maji yalikuwa haba na majeruhi walikuwa wengi, naye akasalimu amri. Tarehe 19 Mei jeshi lake lilishuka mlimani na kupewa heshima za kijeshi: gwaride, saluti, na bunduki zikawekwa chini kwa utaratibu.

Siku hizo hizo, tarehe 18 Mei, huko Roma ndugu yake Aimone alitangazwa kuwa mfalme wa Croatia, nchi ambayo hakuwahi kwenda kuitawala. Ndugu mmoja alikuwa akikabidhi Uhabeshi, mwingine akipokea taifa jingine la watu. Tabaka hilo halikujifunza kitu.

Tarehe hiyo hiyo ya 19 Mei, mbali kusini, kikosi cha 1/6 cha KAR, yaani askari wa Tanganyika, kilikuwa kikivuka mto Billate karibu na Colito chini ya mashambulizi ya vifaru. Sajini mmoja Mzungu, Nigel Leakey, alikirukia kifaru cha adui, akakifungua na kuwaua waliomo, kisha akapotea vitani. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kuliko zote za Uingereza. Ushujaa wake ulikuwa wa kweli, nasi hatuudharau. Tunauliza tu: wale Waafrika waliovuka mto ule pamoja naye, ni wangapi majina yao yamo katika vitabu tunavyofundishia?

Amedeo alipelekwa Kenya, akawekwa kifungoni karibu na Donyo Sabuk. Alikuwa mgonjwa wa malaria na kifua kikuu, akafa katika hospitali ya kijeshi Nairobi tarehe 3 Machi 1942, akiwa na umri wa miaka 43. Alizikwa Nyeri pamoja na askari wake, kama alivyotaka. Italia ilimpa nishani yake kubwa kuliko zote, na uwanja wa ndege wa Gorizia ukaitwa kwa jina lake. Na Graziani? Baada ya vita alihukumiwa kwa kushirikiana na Wajerumani, akafunguliwa muda mfupi baadaye. Kwa aliyoyafanya Uhabeshi hakushtakiwa hata siku moja. Mwaka 2012 mji wa Affile, Italia, ulimjengea mnara.

Heshima baina ya wakubwa

Mambo haya sisi wa kusini tuliwahi kuyaona kabla ya hapo. Mwezi Novemba 1918 Jenerali Lettow-Vorbeck wa Ujerumani aliwapitisha watu wake nchi hizi, akaishambulia Fife, si mbali na Nakonde, akafika hadi Kasama na mto Chambeshi. Huko alipata habari kwamba vita vimekwisha, akasalimu amri Abercorn, ambako leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Naye pia alitendewa kwa adabu na maadui zake, na mwezi Machi 1919 aliandamana kwa shangwe mjini Berlin. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya pande zote mbili, waliokufa kwa njaa, kuhara na homa kwa makumi ya maelfu, hawakuandamana popote.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua miaka 100 kusema neno hilo.

Kwa nini majenerali waliouana huheshimiana kiasi hicho? Kwa sababu wanatambuana. Jenerali Mwingereza alimwona Amedeo kama mtu wa tabaka lake, aliyesoma shule ya Uingereza utotoni, aliyekula meza moja na watu wake. Hakumwona hivyo askari wa KAR aliyesimama nyuma yake na bunduki. Adabu ya vita ilivuka mpaka wa mataifa yao, lakini haikuvuka mpaka wa rangi na tabaka. Hapo ndipo adabu ile inapojifichua: ilikuwa mali ya wachache, waliyogawiana wenyewe.

Mafunzo kwa kada

Somo la kwanza: tusimhukumu kiongozi kwa tabasamu lake. Hili si kwa wakoloni peke yao. Hata katika ofisi zetu, katika vijiji, kata na wilaya, tunaweza kuwa na mtu mpole, msikilizaji, mwenye salamu nzuri, ambaye chini ya saini yake mkulima wa kahawa anapunjwa mizani na mjane ananyang'anywa kiwanja. Adabu ni jambo jema, lakini haifuti dhuluma. Kada ajiulize: utaratibu huu ninaousimamia unamfaidi nani? Nikiondoka mimi na adabu yangu, utabaki ukifanya nini?

Somo la pili: tusidanganywe na barabara. Yule mwanafunzi wetu alisema pia kwamba Wataliano walijenga barabara Uhabeshi. Ni kweli, walijenga. Sisi wa Tunduma tunaishi kwa barabara, na tunajua kwamba barabara huulizwa inabeba nini, na kwa ajili ya nani. Njia hii hii ilibeba vita vya watu wengine mwaka 1940. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao wa kibaguzi tarehe 11 Novemba 1965, njia ya Tunduma iligeuzwa kazi. Likapita bomba la mafuta la mwaka 1968, ikapita barabara ya lami, na reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa mwaka 1976, ili Zambia isipigiwe magoti na Salisbury wala Pretoria. Mlango ulikuwa ule ule, lakini safari hii uliufunguliwa na wenye nyumba.

Somo la tatu: kazi ya historia iliyo mbele yetu ni ya kuandika. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, una wazee ambao wanabeba habari za baba zao waliokwenda Uhabeshi na Burma. Kila mwaka wanapungua. Italia inalitunza kaburi la jenerali wake huko Nyeri, na hatuilaumu kwa kuwazika watu wake vizuri. Aibu ni yetu tukimjua jenerali huyo kwa tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, tusimjue yule kijana wa Mbozi hata kwa jina la baba yake. Tumekwisha kuanza. Tulirudi kwa mzee yule tukiwa na daftari, tukaandika jina la baba yake mdogo, kijiji alichoondokea, na msimu alioondoka, kama ukoo unavyoukumbuka: wakati wa kuchuma kahawa. Alitutaka tumsomee tuliyoyaandika. Tulipomaliza akasema, "Sawa. Sasa andikeni na la mwenziwe, waliondoka wawili."

Yule mwanafunzi tulikutana naye tena. Safari hii tulimwekea mezani Zeret na Nyeri, tukamwachia achague mwenyewe pa kuanzia. Hatukuhitaji kupaza sauti.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kuna tofauti gani baina ya kumlaumu mtu na kuulaumu mfumo? Je, kuulaumu mfumo kunamwondolea mtu hatia yake?

2. Askari wa KAR alipigana na ufashisti akiwa yeye mwenyewe mtawaliwa. Alishinda nini, na hakushinda nini?

3. Katika kata yako, ni nani anayeweza kusimulia habari za waliokwenda vitani au waliobebeshwa mizigo ya vita? Nani ataziandika, na lini?